Nguruwe Hawakuchafua Mto Peke Yao

Neno la kwanza nililosema katika ule mkutano lilikuwa "hapana," na nililisema kabla sijainua mkono.

Tulikuwa katika ukumbi wa komini yetu, kata ya Panda, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Mtumishi wa ofisi ya mazingira alisimama mbele, akitusomea rasimu ya mpango wa kusafisha bonde la kijito chetu. Kijito chenyewe si kikubwa. Kinaanzia kwenye vilima vya juu, kinapita nyuma ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, kisha kinaingia kwenye bwawa ambako watu wa chini huvua samaki na kuchota maji ya bustani. Kila mtu alijua kwamba bwawa linakufa. Upande mmoja lilikuwa limejaa matope mekundu hadi kuku wanavuka kwa miguu. Upande wa pili maji yalikuwa ya kijani, mazito kama mboga ya lenga-lenga iliyopondwa, na asubuhi ulikuta samaki wadogo wanaelea matumbo juu. Kwa hiyo mpango ulihitajika, na hilo sikulipinga. Nilipinga yale maneno aliyoyasoma haraka haraka bila kuinua macho: mabanda ya nguruwe yaliyo karibu na maji yataondolewa, bustani za ukingoni zitaachwa, na akina mama hawatafua tena pale kwenye mawe.

"Hapana," nikasema.

"Mama, acha nimalize kwanza," akajibu.

"Maliza, papa. Lakini neno yangu itabakia ile ile."

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Nilizaliwa katika kambi ile. Baba yangu alifika kutoka Kasai akiwa kijana, akitafuta kazi ya kampuni. Mama yangu ni wa huku huku Katanga. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea chuma kule kiwandani Shituru, na kazi yake ilipokwisha, nguruwe ndio waliotulisha na kuwapeleka watoto wetu shuleni. Mtu akiniambia niondoe nguruwe, ni kama ameniambia niondoke mimi.

Alipomaliza kusoma nilisimama. Nikamuuliza nguruwe wangu wanatoa matope mekundu lini. Nikamwambia aende juu kidogo, kwenye dépôt ya mawe ya shaba, ambako malori huleta mawe kutoka upande wa Kambove na watu huyaosha katika maji ya kijito kutwa nzima. Mbona mahali pale hapamo katika mpango?

"Ile ni mambo ya madini," akasema. "Haina ya ofisi yetu."

"Na mayi inajua ofisi?"

Aligeuza ukurasa. Pembeni yake alikuwa ameketi injinia aliyetumwa kutoka Lubumbashi kuandaa mpango, msichana mwembamba mwenye miwani, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Aliangalia meza. Nilimchukia kwa namna alivyoiangalia ile meza.

Siku iliyofuata alikuja nyumbani kwangu, peke yake, amevaa buti za mpira. Nilimpa kiti kwa sababu mgeni hupewa kiti, lakini sikumpa maji. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo kifuani: kwamba wao wa ofisini wanajua kuwaonea wanyonge, kwamba ni rahisi kumkemea mama mwenye beseni la nguo kuliko mtu mwenye lori. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Mama," akasema, "uko na haki. Ile dépôt minye niliitia katika mpango. Bakubwa bangu bananiambia nitoe. Basi nakuomba kitu moja: tupande pamoja kando ya muto, weye na minye. Halafu utanitukana tena."

Tulipanda. Alianzia nyuma ya banda langu, na hapo ndipo sikupenda. Mfereji wa kuoshea banda ulikuwa unashuka moja kwa moja hadi majini, na pale ulipoingilia mawe yalikuwa na utelezi wa kijani mrefu kama nywele. Hatua chache juu yake mawe yalikuwa safi. Aliniuliza ninaona nini. Nikamwambia nina macho.

Akanieleza bila kunidharau. Kinyesi, mbolea ya dukani wanayoweka wenye bustani na baadhi ya sabuni zina kitu kinaitwa fosforasi. Shambani ni chakula cha mimea. Ikiingia kwenye maji yaliyotulia, inalisha ule uchafu wa kijani. Uchafu unakua, unakufa, unaoza, na ukioza unamaliza hewa ya samaki. Basi, nikasema moyoni, amenileta hapa kunifunga mdomo.

Lakini aliendelea kupanda. Tulipita bustani, tukapita mawe ya kufulia, tukafika kwenye dépôt. Juu ya dépôt maji yalionyesha mchanga wa chini. Chini yake yalikuwa kama chai ya maziwa iliyomwagiwa vumbi la matofali. Akina mama walikuwa wamesimama ndani hadi magotini, wamefunga vitambaa kichwani, wanatikisa mawe katika beseni zilizotobolewa, wengine na watoto mgongoni. Ukingo ulikuwa umechimbwa na kumomonyoka hadi miti miwili ilikuwa imelala majini na mizizi yake.

Injinia akachukua tope kidogo, akalisugua kati ya vidole. "Fosforasi inapenda kushika ku udongo," akasema. "Kila mvua, udongo ya huku inashuka nayo mpaka mu bwawa. Inalala pale chini, halafu inatoka pole pole, mwaka kwa mwaka. Hata tukiondoa banguruwe yote ya Panda leo, kama matope inaendelea, bwawa haitapona. Na kama tunazuia matope peke yake, banguruwe itaendelea kulisha ile uchafu ya kijani. Ni vyote viwili, mama. Njo vile niliandika."

"Basi kwa nini ulinyamaza mu mkutano?"

Aliona haya, nikaona amekuwa mtoto tena. "Juu minye ni mugeni. Nikipiga kelele, banaleta ingénieur mwingine. Weye hawawezi kuleta mama mwingine wa Panda."

Tuliporudi nyumbani nilimpa maji, na bukari pia, ugali wetu.

Mwenye dépôt hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa parrain, baba wa ubatizo, wa binti yangu wa mwisho, ndiye aliyemshika mbele ya kisima cha ubatizo. Alikulia kambini kama sisi, akaanza kwa kununua mawe mfuko mmoja mmoja, akawa tajiri, na hakutusahau. Krismasi alituma mafuta na unga. Mume wangu alipougua, gari lake ndilo lililompeleka hospitali. Nayasema haya ili ieleweke kwamba hakuwa mnyama, na kwamba kumkatalia hakukuwa jambo la mdomo tu.

Jumapili, baada ya misa, alikuja kwetu na viatu vyake vya kanisani. Aliketi, akasifu nyumba, akauliza habari za watoto wote kwa majina. Kisha akasema alikuwa amezungumza na watu wa ofisi. Nguruwe wangu hawatagusika. Banda litabaki pale pale.

"Aksanti, papa parrain," nikasema. "Na bale bengine?"

"Bengine gani?"

"Banguruwe ya bajirani. Na bustani. Na bamama ba kufua."

Akatabasamu. "Mama, kila muntu anasema ya kwake. Minye nimesema ya kwako. Weye mu mkutano ya pili usiseme tena neno ya dépôt. Njo tu ile naomba."

Mume wangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilimwona anatikisa kichwa kukubali, polepole, kabla mimi sijafungua kinywa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa zaidi kwa mume wangu kuliko kwa mgeni.

"Papa parrain," nikasema, "bwawa inakufa. Kama naficha mdomo juu ya nguruwe yangu, basi ni minye naiua. Dépôt nitaisema. Nitaisema na kesho na kesho kutwa."

Aliinuka, akavaa kofia yake. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, "Nilifikiri tuko jamaa," akatoka. Sahani ya nyama niliyokuwa nimemwandalia ilibaki mezani na nzi.

Mume wangu na mimi tuligombana hadi jirani akazima redio yake asikie vizuri. Aliniambia nimewakatia watoto tawi la kukalia. "Weye unapigana na tajiri juu ya matope?" akauliza. "Matope! Tangu lini matope ikakulisha?" Nikamwambia kwamba nimeosha nguo zake za Shituru katika maji yale miaka yote, na kwamba sitaki kuomba ruhusa ya tajiri ili niseme nilichokiona. Hatukusemezana mpaka siku mkutano wa pili ulipokaribia.

Nilikuwa nimeshaamua jambo moja. Sitakwenda ukumbini na banda langu likiwa limekaa pale juu ya maji. Sikuogopa mtumishi wa ofisi. Niliogopa tajiri asimame aseme: huyu anayenionyesha kidole, mfereji wake unaishia wapi? Basi nikachukua nyundo na kuanza kubomoa. Nilibomoa mchana kweupe, ili apitaye aone. Jirani yangu mwenye bustani ya kabichi akaja na panga, wakaja na wengine wawili wa kikundi cha akina mama wa parokia. Nguruwe tuliwafunga kamba kwenye mwembe wakapiga kelele kama tunawachinja. Tukahamisha nguzo na mabati hadi sehemu ya juu ya kiwanja changu, mbali na kijito, tukachimba shimo la kinyesi na kulifunika, kinyesi chenyewe kiende kwenye bustani baada ya kuiva, mwenye kabichi aache kununua mbolea ya mfuko. Chini, pale banda lilipokuwa, tukapanda matete mistari mitatu, mizizi yake izuie udongo.

Mume wangu alituangalia kutoka mlangoni, mikono mgongoni. Alikuwa ameapa kutoingiza mkono wake katika wazimu ule. Lakini tulipoweka nguzo ya pembeni ikiwa imeinama, uso wake ulikunjana kama anayeumwa jino. Akavumilia. Tukaweka ya pili, nayo imeinama. Akaja, akatusogeza kwa kiwiko, akainyoosha kwa kipande cha kamba na jiwe, akarudi mlangoni. Mpaka leo anasema hakunisaidia.

Ukumbi siku ile ulijaa. Mwenye dépôt alikuja, na hakuja peke yake: alileta akina mama wa kuosha mawe, wakakaa nyuma, nguo zao bado na mistari ya tope. Nilipopewa nafasi nilisema banda langu limeshahamishwa, na atakaye kuhakikisha aje aone na anuse. Nikasema wenye bustani wamekubali kuacha ukingo na kupanda majani, na wafuaji wamekubali kumwaga maji ya sabuni kwenye shimo kando ya mawe badala ya kijitoni. Sisi tumemaliza yetu. Sasa tunataka dépôt iandikwe katika mpango kama sisi tulivyoandikwa.

Kabla tajiri hajasimama, alisimama mama mmoja wa nyuma, mwenye mtoto mgongoni. Alinielekezea kidole.

"Weye uko na nguruwe," akasema. "Uko na bwana, uko na nyumba. Sisi tuko na hii mayi tu. Bakifunga dépôt, batoto betu batakula hii mpango yako?"

Hilo lilinipiga kuliko maneno yote ya tajiri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu mwenye gari, si kwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Injinia ndiye aliyejibu. Akasema hakuna aliyeomba dépôt ifungwe. Kinachotakiwa ni kuacha kuoshea ndani ya kijito: maji yachepushwe kwa mfereji, mawe yaoshewe kando, maji machafu yapite kwenye mabwawa mawili ya kutulizia matope, moja baada ya lingine, ndipo yarudi kijitoni. Kazi ibaki. Ukingo uliochimbwa ujazwe na kupandwa miti. Alisema yote hayo akimtazama mwenye dépôt usoni, na wakubwa wake walikuwa wamekaa pale pale. Nilijua anachohatarisha.

"Na nani atachimba?" akauliza tajiri.

"Mwenye mawe," nikasema mimi. "Minye nilichimba yangu."

Mtumishi wa ofisi akatazama saa yake. Akasema jambo hili ni zito, litahitaji mashauriano, tuahirishe. Alianza kukusanya karatasi. Sijui nani aliyeanza kati yetu, lakini hakuna mama aliyeinuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mlinzi wa ukumbi akasimama mlangoni na funguo, akitikisa. Mwenye kabichi akatoa matembele kwenye kikapu chake, akayamwaga kwenye kanga mapajani, akaanza kuyachambua. Wa jirani yake akamwomba fungu amsaidie. Muda si muda ukumbi wa komini ulikuwa na akina mama wanaochambua mboga ya jioni, wanazungumza habari za magonjwa ya watoto, kana kwamba wamehamia humo.

"Bamama, mukutano umekwisha," akasema mtumishi.

"Kwa yenu," nikamjibu. "Kwa yetu haujakwisha."

Aliketi. Akainuka. Akaenda kunong'ona na tajiri, akaenda kunong'ona na injinia. Mwishowe, mwanga wa madirishani ukiwa umeanza kupungua, akachukua kalamu na kuandika dépôt katika mpango, na mabwawa yake mawili, na tukamwambia asome kwa sauti. Akasoma. Mwenye dépôt akatia sahihi akiwa amesimama, kisha akaondoka bila kumuaga mtu yeyote.

Kuandikwa si kuchimbwa. Bwawa la kwanza la kutulizia matope tajiri alilichimba la kina kifupi kama sahani, na mvua kubwa ya kwanza ikavunja ukuta wake. Aliyeshuka kuniletea habari alikuwa yule mama wa mtoto mgongoni. Alifika amelowa, hakutaka kukaa. Akasema bwana wao amewaambia waache ukuta ulivyo na waendelee kuosha, tope liende kijitoni kama zamani.

"Kwa nini unaniambia?" nikamuuliza.

"Juu ulisema kazi itabaki na mayi itakuwa safi. Nataka nione kama ulisema kweli ao ulisema bongo."

Tulipanda na majembe na magunia. Hatukumtukana mtu. Tulijaza magunia udongo tukaziba mfereji unaopeleka maji kwenye dépôt, tukakaa juu ya magunia yale. Bila maji hakuna kuosha. Polisi wawili waliletwa. Mmoja alikuwa mteja wangu wa nyama, akawa anatazama miti. Akina mama wa kuosha walikosa kazi kwa ajili yetu, na walitukasirikia kwa haki, kwa hiyo kila mchana tulipika bukari ya kututosha sisi na wao, tukala sufuria moja, wao wakitusema huku wanatafuna. Mwenye dépôt alipoona tumeleta hata mikeka, alileta vibarua na kuujenga ukuta upya, mpana, na mawe chini yake. Ndipo tukaondoa magunia.

Injinia hakuongezewa mkataba. Alikuja kuniaga na zile buti za mpira mkononi. Amepata kazi nyingine, kule Kolwezi. Binti yangu wa mwisho aliolewa mwaka huu, na kiti cha parrain wake kilibaki wazi katika mstari wa mbele. Binti alilia, na akaniuliza kama ilikuwa lazima. Nilimwambia ndiyo.

Bwawa halijapona. Kijani kimepungua upande wa bustani, na matete yameshika vizuri, lakini tope lililolala chini lipo, na injinia alikwisha kutuambia litachukua muda mrefu kutoka. Nusu ya mpango haijafanywa. Wachoma matofali wameanza kuchimba ukingo wa ng'ambo, na wanasema sisi si serikali. Nimewajibu kwamba nilikwisha kuambiwa hivyo na watu wakubwa kuliko wao.

Jumapili iliyopita tulijikuta benchi moja nyuma ya lingine, mwenye dépôt mbele, mimi nyuma yake. Padri aliposema tupeane amani, watu wakageuka kushikana mikono. Yeye alipeana na wa kulia, akapeana na wa kushoto, akabaki ametazama altare. Mume wangu akanivuta nguo niache. Nikanyoosha mkono juu ya benchi, nikauacha pale hadi watu wakaanza kutazama, na yeye akalazimika kugeuka na kuushika.

"Amani, papa parrain," nikamwambia. "Ukuta wa bwawa ya pili unavuja."